Mlango wa Simba ya Cephas

Tusidanganyane: Magunga nzima ilimcheka Jacktone. Jitu zima, lina mke na binti wa shule, bado linalala simba! Na simba, kwa asiyejua, si yule wa mbugani. Ni kinyumba cha mwana wa kiume, karibu na lango la boma la wazazi. Kijana hukaa hapo mpaka aoe, kisha hutoka akaanzishe boma lake. Jacktone alioa, hakutoka.

Kilichomzuia kilikuwa pale pale jirani: simba ya kaka yake, Cephas. Cephas alikwenda kuvua kisiwani Mfangano, dhoruba ikapindua mtumbwi. Wenzake walipatikana, yeye hata shati halikuonekana. Na kwa Wajaluo, mdogo hamruki mkubwa kuanzisha boma. Mkubwa akifa, anazikwa, mdogo anaendelea na maisha yake. Maji yakimla, huzikwa tunda la yago mahali pake, lile refu, zito, na kilio kinakwisha. Lakini mama yao, Leonida, alikataa katakata. Kila asubuhi alifungua mlango wa Cephas hewa iingie, akafagia kizingitini.

"Mama ndiye amenifunga," Jacktone alizoea kumwambia mkewe, Linet.

Linet alikuwa amechoka, jamani. Alfajiri alisikia kikohozi kwenye simba ya Cephas, ambako hakulala mtu. Cephas alikuwa na kikohozi hicho hicho. Jacktone naye alikisikia, ila alisema ni mbuzi. Mbuzi gani, na zizi liko huko nyuma?

Mwishowe Linet alimwendea mama mkwe, akapiga magoti. "Mama, mjukuu wako Liz ameniuliza baba mkubwa anakula nini mle ndani. Nimekosa la kumwambia."

Mama wa watu alilia mpaka jioni. Kesho yake akamwita Simeon, mdogo wa marehemu mumewe. Yago likachimbiwa kaburi, likafunikwa shuka, likaliliwa. Leonida alilia mpaka sauti ikamkauka. Halafu akaufunga mlango wa Cephas kwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Ikafika asubuhi ya kutoka. Simeon alitangulia na jogoo kwapani, Jacktone akabeba shoka, Linet akabeba makaa kwenye kigae cha chungu, maana boma jipya huanza na moto wake. Leonida alisimama langoni kuwaaga. Walipofika penye mlango wa Cephas, Jacktone akaganda. Kufuli lilikuwa mahali pake. Ndani, mtu alikohoa.

"Mmesikia?"

"Sijasikia kitu," Simeon alisema. "Twende, jua lisitukute hapa."

"Mimi nimesikia," Linet alisema. "Twende hivyo hivyo, Baba Liz."

Jacktone aliliweka shoka chini. "Na akirudi? Atakuta nimemruka. Tungoje mavuno, halafu tutoke."

Leonida alimkaribia, akamtazama kama mgeni aliyepotea njia. "Mwanangu, kaka yako nimemzikia yago. Wewe uliye hai nikuzikie nini?"

 Miaka yote ile Jacktone alimsingizia mama yake, kumbe woga ulikuwa wake mwenyewe, na aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Hata hivyo, miguu haikusogea. Walisimama hapo mpaka makaa yakawa majivu. Simeon akamfungua jogoo miguu, akaondoka akinung'unika.

Linet hakugombana naye. Alimchukua Liz, akaenda kwao Suna, na hajatuma salamu.

Leonida naye hafagii tena kwa Cephas. Siku moja Jacktone alimwomba ufunguo, naye akaufungua kwenye pindo la leso, akampa. Sasa kila asubuhi Jacktone ndiye anayefungua ule mlango hewa iingie, kisha anainama, anafagia.