Biskuti za Kifaransa za Mama wa Tanga

Ijumaa iliyopita nilipanga foleni kwenye duka la chokoleti na biskuti za Kifaransa hapa Doha. Mbele yangu alikuwa dada wa Tanga, mfanyakazi wa nyumbani kule Al Wukair, anayekwenda likizo kwao kwa mara ya kwanza tangu aje. Alilishika boksi la chokoleti kama mtu aliyebeba mayai.

"Dada, hiyo itayeyuka kabla ufike," muuzaji, binti wa Kikenya, alimwonya. "Beba hizi biskuti za siagi, zatoka Bretania, kule Ufaransa."

"Mama yangu hana meno."

"Si atachovya kwa chai?"

Dada akasita, kisha akampigia mama yake, simu ikiwa kwenye spika. "Mama, nikuletee chokoleti au biskuti?"

"Jilete wewe mwenyewe, mwanangu."

Muuzaji akajifanya anapanga mifuko. Dada akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaanza kulirudisha boksi kwenye rafu.

"Ila hizo biskuti," sauti ya mama ikaongeza, "usije ukaziacha."

Tuliangua kicheko sote. Mapenzi ya mama ni makubwa, wasomaji wangu, lakini hayamlazimishi mtu kunywa chai kavu.