Matundu ya Mama Mkwe

Sifa zote ni za Mungu, aliyemfinyanga mtu kwa udongo akampulizia pumzi puani, na ambaye hewa yake huwapa wema na wabaya bila kubagua. Kwa rehema zake nimezeeka nikiwa na akili zangu, na ninaweza kusimulia jinsi nyumba yangu ilivyopata upepo.

Mimi na mke wangu tulihamia Tunduma kutoka milima ya Ileje miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa fundi wa masanduku ya mbao, yale ambayo binti akiolewa hutiwa nguo na vyombo vyake. Nje niliyapaka vanishi, au rangi ya mafuta kwa waliotaka maua. Ndani nilibandika kitambaa kwa gundi ya mafundi viatu. Karakana yangu ilikuwa chumba kimoja cha nyumba tuliyolala.

Barabara ilikuwa bado haijatiwa lami. Malori ya mafuta ya kwenda Zambia yalipita mbele yetu mchana kutwa, na vumbi lake lilifika mpaka ndani ya kopo la chumvi. Fundi yeyote anajua vumbi linavyoifanya vanishi mbichi. Basi nikaziba. Dirisha nililijaza matofali, nyufa nikazibandika magazeti, na chini ya mlango nikasukuma gunia. Sanduku likitoka mle, wateja walisema unaweza kujitazama ubavuni mwake ukanyoa ndevu. Nilijivunia kazi ile na sioni haya kusema hivyo. Maandiko yanatuambia kuwa ustadi wa mikono nao ni kipawa cha Roho.

Lakini nyumba nzima ilinuka tina, ile ya kuzimulia rangi na vanishi. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa tatu, kichwa kikamwuma kila siku, na wote tukadhani ni mimba tu. Ndipo asubuhi moja, akiniletea uji, akaanguka pale pale mlangoni mwa karakana. Habari zilifika kwao Igamba, huko Mbozi, na siku chache baadaye mama mkwe akateremka kutoka kwenye lori la kahawa. Alikuwa amekuja kumchukua binti yake, na hakuficha.

Kwa heshima ya ukwe tulikuwa hatusemezani ana kwa ana. Yeye alikaa kibarazani, mgongo kwangu. Mimi nilisimama ndani ya mlango. Maneno yote yalipita kwa mke wangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenziwe vizuri kabisa.

"Mwanangu, hebu mwulize mwenzio. Kile ni chumba au ni mtungi wa pombe? Kimezibwa mpaka mdomo."

"Mwambie mama," nikasema, "vumbi likiingia, sanduku litakuwa kama mgongo wa kenge."

"Mwulize tena. Mwanangu akifa, atamzika ndani ya hilo sanduku lake zuri?"

Mke wangu alijifunika uso kwa khanga. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Mama mkwe aliomba kuingia, nami nikapisha. Alikaa mle kwa muda mfupi, akatoka machozi yakimchuruzika. Kisha akaniuliza, kupitia mke wangu, kama nimewahi kuona kahawa ikianikwa.

"Mwambie mama nimeona. Inaanikwa juu ya kichanja."

"Mwulize, kwa nini isiwekwe chini?"

Akajibu mwenyewe. "Kwa sababu upepo sharti upite chini yake. Jua peke yake linaikausha juu, chini inaoza. Harufu ya huko ndani imelala sakafuni kama ng'ombe mgonjwa, wala hakuna wa kuiswaga itoke. Mwambie atoboe ukuta. Asipotoboa, lori likirudi naondoka na mwanangu."

Nilichukua tindo na nyundo. Upepo wetu wa kiangazi hutoka mashariki, basi nikatoboa matundu ukuta wa mashariki, karibu na sakafu, na mengine makubwa zaidi ukuta wa magharibi, yakitazamana nayo. Dirisha nikalizibua. Juu, chini ya paa, nikaacha mwanya na kuufunika kwa kipande cha pipa la mafuta nilichokikunja, ili mvua isiingie. Masanduku nikayainua juu ya kichanja cha fito.

Likabaki vumbi. Hilo nililifikiria mwenyewe, na Mungu ashukuriwe. Kwenye matundu ya mashariki na dirishani nilitundika magunia mepesi, nikayalowesha maji. Upepo ulipita, vumbi likanasa kwenye gunia kama inzi kwenye asali. Kila baada ya muda tuliyakung'uta na kuyalowesha upya. Tukapatana pia kwamba koroboi isiingie mle, wala jiko la mkaa, wala chakula, na watoto wasicheze humo.

Nilipaka sanduku moja huku upepo ukinipiga ubavuni na kutokea upande wa pili. Mke wangu alikuja akasimama mlangoni na bakuli la uji. Akavuta hewa, akavuta tena, akakaa kwenye kigoda hapo nje akaanza kuunywa yeye mwenyewe.

"Uji wangu huo," nikamwambia.

"Ulikuwa wako," akasema.

Vanishi ilipokauka, mama mkwe alipitisha kiganja juu ya mfuniko polepole, mbele na nyuma, akitafuta chembe ya mchanga. Hakuipata. "Mwambie mumeo," akasema, "hili nimelipenda."

Lori liliporudi kuelekea Mbozi, nililipakia sanduku lile kwa mikono yangu. Mama mkwe akapanda, akalikalia kama mwenyekiti wa kijiji, akaondoka peke yake. Mke wangu alimpungia mkono akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, mlangoni kwetu.

Mtoto alizaliwa salama, na mafundi wa pande zetu wakaanza kuja kutazama ukuta wangu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde wewe na mwenzi wako, aibariki kazi ya mikono yako, na wale unaowapenda wasiondoke nyumbani mwako ila kwa heri. Amina.