Yaya Chini ya Mnara

Mara ya kwanza aliponiita yaya, nilitaka kumrudishia nywele zake na kuondoka. Nilikuwa nimeingia dukani kwake hapa Brussels, barabara ya Chaussée de Wavre, kutafuta nywele za kusukia, nimevaa koti langu zuri, wanja nimepaka, halafu mwanamke niliyempita kama miaka kumi ananiambia, "Karibu, yaya." Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Kwetu yaya ni msichana wa kazi, anayebeba mtoto wa watu mgongoni na kuitikia "abee" tajiri wake anapomwita. Nikamuuliza, "Wewe nimekuogesha lini utotoni, mpaka uniite yaya?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Apana, maman, usikasirike. Kwetu ku Bukavu yaya ni dada mukubwa, grande sœur. Muntu mwenye anakupita miaka, hauwezi kumuita jina tu hivi. Ni heshima." Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitambaa wakaitikia kwamba ndivyo. Basi nikanywea. Nikamweleza na mimi kwetu maana yake nini, tukacheka wote, nikatoka pale na nywele na mdogo wangu wa hiari.

Naishi Evere, humuhumu Brussels, peke yangu. Kazi yangu ni kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwasukuma kwenye viti vya magurudumu kwenda kuota jua, siku jua likiwapo. Jumapili nilikuwa nakwenda kwake kula sombe, kisamvu chao, na samaki, na kubishana Kiswahili cha nani kimepinda. Yeye alisema changu ni cha redio. Mimi nilisema chake kimejikwaa mawe yote ya njiani toka Kigoma. Binti yake wa miaka mitatu aliniita mama mukubwa, na ndivyo inavyostahili, kwetu na kwao: dada mkubwa wa mama yako ni mama yako mkubwa. Sikujaliwa mtoto. Ukisema nilipenda kuitwa hivyo, sitakubishia.

Jumapili moja nikamsimulia habari ya kalenda. Mama yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kilichokuwa na mafundi wa Kichina, na mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimwachia kalenda ya hariri. Ilikuwa na mchoro wa kale wa ziwa, miti iliyoinamia maji, na mnara wa ghorofa nyingi wenye mapaa yaliyopinda pembeni. Mwaka ukaisha, kalenda ikabaki ukutani, na mwingine, na mwingine. Mama alikuwa akiifuta vumbi anasema, "Mmoja wenu atafika pale juu anipungie." Mama hayupo tena. Kanga yake ya mwisho ninayo mimi.

Yule mdogo wangu akaweka kijiko chini. Yeye huenda China kununua mizigo ya duka, na mji anakonunulia, alisema, uko mwendo wa saa moja kwa treni toka Hangzhou, lilipo ziwa lile. "Yaya, tutaenda. Tutapanda ule munara, mimi na wewe. Kanga ya maman tutaipepea kule juu." Nililia mbele ya sahani yake, sioni aibu kusema. Nauli nilijilipia mwenyewe, na likizo yangu ya mwaka mzima nikaimwaga yote pale.

Tulipokutana uwanja wa ndege alikuwa na mtoto. Hakupata wa kumwachia, alisema. Siku ya kwanza kule China akaniambia, "Yaya, unishikie mutoto kidogo, niende kuona mizigo." Hiyo kidogo ikafika jioni. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Nilishinda hotelini nikimkatia mtoto tambi kwa mkasi ili zisimpalie, nikimwimbia, nikimfulia. Sikununa. Mtoto wa mdogo wangu ni wangu. Ila kuna jambo moja lilinipita nikiliona: mtoto aliacha kuniita mama mukubwa. Alianza kuniita yaya. Nikadhani anamwiga mama yake.

Siku ya ziwa ikafika. Tulikwenda na Mkenya mmoja, mfanyabiashara anayeishi kule, ndiye anayemsafirishia mdogo wangu mizigo. Wao walitangulia wakizungumza bei, mimi nyuma nasukuma kigari cha mtoto. Na ziwa lilikuwa lilelile la ukutani kwetu. Maji ya kijivu, miti imeinama, vilima nyuma vimefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mnara umesimama juu ya kilima kidogo kando ya maji. Nilishika begi langu nihakikishe kanga imo.

Tulipofika chini ya mnara akanigeukia. "Bon, yaya, kule iko escaliers mingi, ngazi tupu, kigari haiwezi kupanda. Ubaki hapa na mutoto. Nitakupigia picha."

"Utanipigaje picha juu, na mimi niko chini?"

"Ya ziwa, donc," akasema, na tayari alikuwa anakwenda. Nikakaa kwenye benchi. Nikajiambia atashuka, atamshika mwanawe, na mimi nitapanda. Hata wazee wangu kule kazini wanajua kupokezana.

Aliyeshuka wa kwanza ni yule Mkenya. Goti lilikuwa linamsumbua. Alinunua chai, akaniletea na mimi, akakaa. Alikuwa mtu mwenye adabu.

"Unamwangalia huyu mtoto vizuri sana," akasema. "Mke wangu ametafuta yaya wa kuaminika mpaka amechoka. Ungekuwa Nairobi ningekuiba."

Nikacheka. Nikamweleza taratibu, kama nilivyoelezwa mimi siku ile dukani, kwamba kwa Wakongo yaya ni dada mkubwa, ni neno la heshima. Akanitazama. Kisha akatazama chai yake.

"Pole, mama," akasema. "Lakini mimi hakuniambia hivyo. Nilimuuliza huyu ni nani wako, akasema ni mfanyakazi wake, amekuja naye toka Brussels amwangalizie mtoto."

"Alikwambia kwa Kifaransa?"

"Kifaransa mimi sikijui."

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekivaa miaka mingapi. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nikatembea nacho kichwani nikidhani ni hariri. Na kilichonichoma zaidi ni hiki: yeye kwao neno lile lilikuwa na maana moja tu, ya heshima. Ile ya pili nilimfundisha mimi mwenyewe.

Nilikuwa bado nimeshika chai ikipoa, mlango wa chini wa mnara ukafunguka, akatoka mzee kwenye kiti cha magurudumu, binti yake anamsukuma. Mimi viti vya magurudumu navijua. Hakuna kiti kinachoshuka escaliers mingi. Nikamuuliza Mkenya.

"Lifti si ipo," akasema. "Mnara wa zamani ulianguka, huu wameujenga upya juu ya magofu yake. Una lifti, una kila kitu."

Nikasimama. Nikasukuma kigari mpaka ndani ya lifti, mtoto akifurahia vitufe.

Juu kulikuwa na upepo. Alikuwa ameegemea ukingo, anajipiga picha, ziwa lote nyuma yake. Aliponiona mkono wa simu ukashuka. "Yaya. Umepanda namna gani?"

"Kwa lifti. Mimi ni nani wako?"

Hakujifanya hajaelewa, hapo namsifu. "Usikasirike, yaya. Ile ni mambo ya biashara. Nikisema nimekuja na grande sœur, bataniona muntu wa kutembea tu. Nikisema niko na mutumishi, bananiheshimia. Ni ya mudomo tu. Unajua vile uko mu roho yangu."

"Na mtoto? Yeye naye ana biashara gani?"

Akamtazama mwanawe, kisha ziwa. "Angekuita mama mukubwa mbele ya ule tonton wa mizigo," akasema polepole, "ningesema nini?"

Kwa hiyo alikaa na mtoto wa miaka mitatu, akamfundisha asiniite mama. Hapo nilikuwa sina hata hasira, nilikuwa nimeumia tu. Ziwa lilikuwa chini yangu, zuri kama mama alivyolitunza ukutani. Mkono wangu uliingia kwenye begi, ukaigusa kanga, nikaiacha humohumo. Sikutaka mama anione pale nimesimama kama nani. Nikamwachia kigari, nikashuka kwa ngazi.

Siku zilizobaki nilikaa chumbani kwangu. Mtoto akibisha mlango nilimfungulia, sina ugomvi naye. Mama yake akibisha, nilimwacha abishe.

Jumamosi moja baada ya kurudi nilikuwa Chaussée de Wavre, nimetoka kununua mihogo. Nikasikia sauti yake toka ng'ambo ya barabara, tamu, ya mbele za watu. "Yaya! Yaya, unanipita hivi, hata bonjour?"

Watu wakageuka wakitabasamu, maana pale kila mtu anajua yaya ni mtu wa kuheshimiwa. Nikaweka mfuko wa mihogo chini. Nikakunja magoti kidogo, kama walivyokunja wasichana wa kazi wa mtaani kwetu.

"Abee, tajiri," nikamwitikia.

Watu wakacheka wakidhani ni utani wa ndugu. Yeye hakucheka.