Vidonge vya Mama Vichupa

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi sina ugomvi na majani. Watoto wangu watatu wamekulia mikononi mwa mama mkwe wangu. Kifua kikiwabana, kabla sijapata viatu vyangu, yeye alishawaketisha chini ya blanketi mbele ya sufuria ya majani ya mkaratusi, amewashika mabega wasiinamie mvuke sana. Sabuni tunayoogea anaipika yeye. Mtoto wa mwisho alipotoka upele, alimchanganyia mafuta ya nazi, nta na utomvu wa mshubiri, akayachuja mara mbili kwa kitambaa nilichompa mimi, mabaki ya sare za shule ninazoshona. Upele ukaisha. Kwa hiyo atakayesema nayachukia majani na anipishe. Hasira yangu ina mwenyewe, na mwenyewe ni shemeji yangu.

Mtaa mzima unamwita mama mkwe wangu Mama Vichupa. Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mmoja, na wavulana wawili mgongoni, akaanza kufua nguo za watu. Sabuni ya magadi ikamchubua mikono mpaka akawa hawezi kukunja vidole. Ndipo alipoanza kujitengenezea mafuta, kwa kujaribu na kukosea. Jirani akayaona, akaomba kidogo. Mwingine akaja. Leo kila Jumamosi asubuhi barazani kwetu kuna benchi limejaa watu, na jikoni kuna rafu tatu za vichupa vya kila aina, vya jemu, vya asali, vya dawa ya kikohozi ya watoto, amevichemsha mpaka karatasi zikabanduka. Mimi nimewahi kutafuta chupa ya chai nikakuta imeshakuwa ya kitunguu saumu. Tuliinywa hivyo hivyo.

Lakini hatoi kitu mpaka akuhoji, na maswali yake hayana haya. Umeanza lini? Choo unapata? Mkojo rangi gani? Wazee na suti zao wanajibu, wanatazama chini. Na wapo aliowarudisha. Alikuja fundi wa baiskeli mmoja na kidonda mguuni kinanuka, akataka unga wa mwarobaini. Mama alikitazama mara moja tu, akajifunga khanga, akampeleka zahanati kwa mkono wake mwenyewe, huku yule bwana akilalamika njia nzima.

"Majani yana mipaka, mwanangu," aliniambia aliporudi. "Anayekwambia hayana, huyo ni mwizi."

Huyo ndiye mama mkwe wangu. Mmemwelewa ni mtu gani, sasa niwaambie siri yake.

Miaka sita iliyopita kichwa kilimsumbua mwezi mzima, nikamburuta zahanati, akakutwa na presha ya juu. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, maisha yake yote. Tulipokuwa tunatoka getini akanishika kiwiko.

"Hili libaki kwetu sisi wawili. Hata wanangu wasijue. Watu wakisikia nameza vya hospitali, nani atanunua hata mafuta ya midomo?"

"Mganga hajigangi, mama," nikamtania.

"Ndiyo, lakini asionekane akigangwa."

Tukacheka kama wajinga barabarani. Tangu siku hiyo vidonge vilikaa ndani ya kopo la karafuu, chini kabisa, na kadi yake ya kliniki ilikaa kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya vifungo. Kila mwezi nilikwenda naye kupimwa, tukisema tunakwenda sokoni kununua tangawizi. Presha ikashuka, ikatulia. Mume wangu, ambaye anachomelea mageti na hana maneno mengi, hakuwahi kuuliza mbona tangawizi yenyewe haionekani.

Sasa tuje kwa shemeji. Huyu ni kitinda mimba, na sisi tulimbandika jina Mkurugenzi kwa sababu hata maji ya kunywa alikuwa anatuma mtu. Ana miaka thelathini na minane. Amewahi kuwa wakala wa hiki, dalali wa kile, na yote yaliishia kwenye kochi letu. Mwaka jana akagundua simu. Akamrekodi mama akichuja mafuta, akaweka mtandaoni, watu wakapenda. Akamrekodi tena. Ghafla Mkurugenzi akawa anaamka saa kumi na mbili asubuhi, anapanga vichupa kwa rangi, anamfunga mama kilemba kipya, anamwambia akae upande wenye mwanga. Mama alikuwa anafurahi jamani, siwezi kudanganya. Si kwa ajili ya simu. Alifurahi kwa sababu mwanawe amepata la kufanya.

Siku moja nilikuwa dirishani nashona kola, nikamsikia mama barazani anasema polepole, kama mtoto anayekariri: "Mimi nina miaka sitini na minane, na sijawahi kumeza kidonge cha hospitali. Haya majani ndiyo hospitali yangu."

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. Nilimngoja jikoni.

"Mama, umesema nini pale?"

Alikuwa anaosha mchi. Hakunitazama. "Ni yeye aliyeniandikia. Nilifikiri ni maneno tu."

"Basi mwambie afute."

"Nikimwambia afute ataniuliza kwa nini." Akafuta mikono, akakaa kwenye kigoda. "Tangu nimzae yule, sijawahi kumwona akiamka mwenyewe. Leo ana kazi. Unataka niivunje mimi?"

Nikarudi kwenye kola yangu. Siku mbili baadaye nikaona kopo la karafuu lina vidonge vilevile vya juzi. Nikamuuliza. Na hapa ndipo utaona kosa ambalo ni mama mkwe wangu tu angeweza kulifanya. Mtu mwingine akishadanganya, anaendelea na maisha yake. Yeye alishindwa.

"Nimesema mbele za watu kwamba simezi," akaniambia. "Kila nikimeza sasa nakuwa mwongo upya, kila asubuhi. Bora niache, maneno yawe ya kweli. Nitakunywa mchaichai na kitunguu saumu, nitapunguza chumvi."

"Mama, wewe ndiye uliyesema majani yana mipaka."

"Usinifundishe maneno yangu mwenyewe. Na mwezi huu usiende kuvichukua."

Nilibishana naye jioni ile nzima, kisha nikakubali. Nikajiambia mimi ni mkwe, yeye ni mama, kauli ya mwisho ni yake. Eti heshima. Heshima gani ile ya kumwangalia mtu anajimaliza na wewe unapiga pasi sare za watu? Ningemwambia mume wangu. Ningeipigia kelele nyumba nzima. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimekalia kadi yenyewe.

Ilikuwa wiki ya saba. Asubuhi, watoto wameshakwenda shule, yeye anatwanga kitunguu saumu. Ule mdundo wa kinu nimeuzoea kama saa ya ukutani, na ulipokatika nikainua kichwa. Nilimkuta amekaa sakafuni, mkono wa kulia umelala kando yake kama si wake, mdomo umekwenda upande. Aliniita kwa jina ambalo halikueleweka. Mume wangu alitoka karakana na mikono yake myeusi, akambeba kama mtoto.

Hospitali, daktari alikuwa dada mdogo tu, mwenye haraka. "Ana presha? Anatumia dawa gani?"

Mkurugenzi alitangulia kujibu, kama alivyozoea mbele ya simu. "Mama hajawahi kumeza kidonge, daktari. Yeye ni wa miti shamba tu."

Nikatoa kadi mfukoni mwa gauni, nilikuwa nimeipitia kwenye droo tukitoka. Miaka sita ya vipimo, na mistari miwili ya mwisho mitupu. Daktari akaisoma, akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau, akaingia ndani haraka. Mume wangu alinitazama tu. Lakini shemeji yangu hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akasema chinichini, "Nilijua anavimeza."

Nikamwuliza polepole: anameza nini? Wewe ulijua nini?

Ikatoka kidogo kidogo, kwa kigugumizi. Alifungua kopo la karafuu siku moja apige picha, akavikuta vidonge. Alijua. Alijua, na ndipo akakaa chini akaandika yale maneno, akampa mama yake ayaseme. Mama anamficha mtoto asijue, mtoto anajua, naye anamvika mama kilemba cha ukoka ili aonekane na watu. Mimi si mtu wa kupigana. Lakini siku ile kwenye korido nilimshika kola ya shati, shati nililomshonea mimi, na vifungo viwili vikaruka. Mume wangu ndiye aliyenitoa mikono.

"Nilidhani vya kawaida tu, shemeji," alikuwa anasema. "Nilidhani vya maumivu."

Uongo. Jina la dawa limeandikwa kwenye karatasi, na simu anayo mkononi mchana kutwa. Angetaka kujua, angejua.

Mama alikaa wodini siku kumi na moja. Tulimrudisha na uhai wake, Mungu asifiwe, ila mkono wa kulia umekataa na maneno yanatoka upande mmoja, polepole, inabidi umsogelee. Vidonge tulivileta vipya, na safari hii haviendi kwenye kopo lolote, viko juu ya meza ya chakula, kila mtu avione. Mimi mwenyewe nampa saa mbili asubuhi. Kwa shemeji sikusema kitu tena, na yeye alinipisha kila mlango. Nikadhani amejifunza.

Jumamosi ya kwanza watu wakaja kama kawaida, wengi kuliko kawaida, kumpa pole. Benchi likajaa, wengine wakasimama. Mume wangu alimtoa mama na kiti chake akamweka barazani, kisha akabaki ameegemea mlango. Nami nikatoka na maji na vidonge, kwa kuwa saa mbili imefika. Nikamkuta Mkurugenzi amesimamisha simu yake.

"Mama, sema tu kidogo," anambembeleza. "Sema unaendelea vizuri. Sema majani yamekunyanyua. Watu wanauliza sana huko."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane mbele ya wageni, mama akanyoosha mkono wa kushoto.

"Nipe vidonge vyangu," akasema. Alirudia mpaka kila mtu akamsikia.

Akaviweka ulimini kimoja kimoja, akanywa maji, mengine yakamwagika kifuani. Kisha akawaambia. Ilimchukua muda mrefu. Aliwaambia kwamba alikuwa anavimeza miaka sita akijificha, kwamba alisimama mbele ya simu akadanganya, na kwamba aliviacha ili uongo usiwe uongo. "Tazameni mkono," akasema, akauinua ule uliokufa kwa ule mzima.

Shemeji alikuwa ameshaanza kushusha simu.

"Inua," nikamwambia. "Inua hivyo hivyo, na leo jioni uiweke watu waione. Ama sivyo nitaiweka mimi mwenyewe."

Akainua. Na simwonei huruma.

Basi yule mwenye duka la mkaa, mama mnene anayechukua mafuta ya magoti kila mwezi, akasimama kutoka kwenye benchi. Alikuwa amekamata mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mimi nimeacha vyangu," akasema. "Tangu ile siku nilipokuona kwenye simu. Nilimwambia binti yangu, kama Mama Vichupa hamezi, mimi nameza nini."

Uso wa mama mkwe wangu niliuona. Nimemwona wodini hajitambui, na bado sikuwahi kumwona hivyo. Alinigeukia.

"Mpeleke," akasema. "Sasa hivi. Usimwache hata anywe chai."

Nikamshika yule mama mkono, tukashuka ngazi. Tulikuwa tumefika getini niliposikia mama anawauliza waliobaki, kwa ile sauti yake ya upande, "Nani mwingine?"

Nikageuka. Kwanza hakuna aliyejitikisa. Halafu mikono ikapanda, mmoja, wa pili, wa tatu. Wa tatu ulikuwa mlangoni, mweusi wa kuchomelea. Miaka kumi na minne nalala na mwanamume yule kitanda kimoja, na sikuwahi kujua kwamba ana presha.