Fundi wa Redio Aliyekifundisha Kisanduku Maneno ya Mumewe

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana uko wazi na redio tatu zinaongea kwa pamoja. Mteja anaingia na simu iliyopasuka kioo. Kabla hajafungua mdomo, mwanamume aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango anabonyeza kitufe cha kisanduku kilicho mapajani mwake. Sauti ya mwanamke inatoka: “Karibu. Fundi yumo ndani, usiondoke.”

Mteja anageuka huku na huku akimtafuta huyo mwanamke. Mwanamume anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha anabonyeza tena. “Ni mimi hapa. Usiogope.”

Nyuma ya meza iliyojaa nyaya na spika, fundi anacheka bila kuinua macho. Sauti ile ni yake.

“Mwanzoni nilikuwa naitika,” anasema, akikiweka pembeni chuma cha kulehemu. “Ananiita kwa sauti yangu mwenyewe! Sijui kama yupo mwanamke mwingine anayejiagiza chai.”

Ametengeneza redio tangu kabla ya kuolewa. Mumewe alikuwa mnadi wa samani sokoni, na hadi leo watu wanamwita Mnadi. Alikuwa na sauti ya kupasua umati. Aliweza kuuza kabati lisilo na mlango, na mnunuzi akaondoka akishukuru.

Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimchukua mkono wa kulia pamoja na sauti.

“Anaelewa kila kitu. Akili iko palepale,” fundi anasema. “Ni mdomo tu uliogoma.”

Mtaalamu wa tiba ya matamshi katika kliniki wanayohudhuria alimwazima Mnadi kisanduku kinachosema. Unabonyeza picha, nacho kinatamka. Kilikuja na sauti moja ya kiwandani, yenye lafudhi ya kigeni. Ukibonyeza picha ya kikombe, kilisema, “Ninahitaji kinywaji.”

“Nani anaongea hivyo nyumbani kwake?” fundi anauliza. “Kama msoma taarifa ya habari amekuja kuomba maji.”

Mnadi alikibonyeza mara chache, akakisukuma mbali. Wageni walipokuja aligeukia ukutani. Mtaalamu aliwaeleza kwa upole kwamba kisanduku kisipotumika atalazimika kumpa mgonjwa mwingine anayesubiri.

Jioni ile fundi alikifungua kisanduku kwa bisibisi. Ndani alikuta kompyuta ndogo kuliko kiganja, inayoendeshwa na Linux, mfumo uleule unaoendesha kompyuta kubwa, ila umepunguzwa ukatoshea humo.

Alimpigia mdogo wa mumewe, anayefundisha kompyuta chuoni.

“Shemeji, nataka kiseme maneno yetu.”

“Shemeji, programu yake haina mahali pa kuweka sauti mpya. Itabidi uandike nyingine.”

“Basi nitaiandika.”

“Ukiiandika kwenye kompyuta yako haitakubali kule. Zile kompyuta mbili zina bongo tofauti. Unahitaji SDK ya kifaa hicho.”

SDK, shemeji alimfafanulia, ni kifurushi cha zana anachotoa mtengenezaji. Ndani yake mna kila kinachohitajika ili programu iandaliwe kwenye kompyuta ya kawaida, lakini itoke katika umbo ambalo kifaa kidogo kinalielewa.

Kukipata hakukuwa lelemama. Tovuti ya mtengenezaji ilimtaka ajisajili kama kampuni. Hana kampuni. Aliandika barua pepe akieleza habari za mumewe, shemeji akaitafsiri. Baada ya siku kadhaa akajibiwa na mhandisi mmoja wa kike, aliyemfungulia njia ya kupakua. Mwisho wa barua mhandisi huyo aliongeza kwamba baba yake naye alipoteza usemi.

“Nilisoma nikalia,” anasema fundi. “Simjui, hanijui.”

Faili lilikuwa kubwa, na mtandao wa mtaani ulikatika kila lilipokaribia kuisha. Akaenda kulipakulia chuoni, kwa shemeji. Kompyuta yake mpakato nayo ilikuwa imejaa, ikabidi afute tamthilia zote alizokuwa hajamaliza kutazama.

“Mpaka leo sijui yule binti aliolewa na nani,” anasema, na Mnadi anatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Usakinishaji wenyewe haukuchukua muda. Unaiendesha programu ya kusakinisha, inakuuliza zana ziwekwe folda gani, unakubali, unasubiri. Fundi aliona kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Programu yake ya kwanza, aliyoiandika kwa maelekezo ya shemeji ili itamke neno moja tu, kisanduku kiliikataa. Kifurushi kilikuwa cha toleo jipya, na mfumo wa kisanduku ni wa zamani. Akamwandikia tena mhandisi, akatumiwa kinacholingana, akaanza upya.

Kisanduku kikakataa tena.

“Nilitaka kukitupa dirishani,” anakiri. “Shemeji akaja, akaangalia mara moja tu. Akaniuliza, ‘Uliziamsha zana kwanza?’”

Hakuwa ameziamsha. Kila anapofungua dirisha jipya la kuandikia amri, inabidi kwanza aiambie kompyuta izitumie zana za kifurushi. Asipofanya hivyo, kompyuta inajiandalia programu ya kujifaa yenyewe. Sasa amebandika kikaratasi juu ya kioo cha kompyuta: AMSHA ZANA.

Siku programu ilipokubali, fundi alikuwa na zawadi tayari. Mfanyabiashara mmoja sokoni alikuwa amehifadhi kwenye simu video za minada. Alichota humo sauti ya mumewe, kipande kwa kipande, akaipanga kwenye vitufe. Kisha akamwekea kisanduku mapajani.

Mnadi akabonyeza. Sauti yake ya zamani ikajaa chumba: “Njooni! Njooni wote!”

Aliziba spika kwa kiganja mpaka ikanyamaza. Machozi yakamtoka.

“Niliumia,” fundi anasema polepole. “Kazi yote ile. Nikaona nimemtonesha kidonda badala ya kumtibu.”

Mnadi alimshika mkono. Akagusa midomo ya mkewe kwa kidole, akagusa kisanduku. Akarudia.

“Mimi nikadhani ananiambia ninyamaze! Nikanuna. Akarudia tena na tena, ndipo nikaelewa. Alitaka sauti yangu.”

Walirekodi jikoni, mlango umefungwa, redio zote zimezimwa. Yeye alisema, Mnadi akikubali au kukataa kwa kichwa. Alikataa “tafadhali” mara nyingi. “Wewe mwanamke, pumzika” aliikubali papo hapo, bila kurudia.

Mwandishi wa habari hii anamuuliza Mnadi kwa nini hakuitaka sauti yake mwenyewe. Kisanduku kina herufi pia, na anaziandika kwa mkono wa kushoto, moja moja, bila haraka. Fundi hamsaidii. Anasubiri kama tunavyosubiri sisi. Hatimaye maneno yanatokea kwenye kioo:

*Ile ya sokoni. Hii ya nyumbani.*

Fundi anayasoma, anajifanya kutafuta kitu chini ya meza.

Habari zimefika kliniki. Mwalimu mstaafu aliyefanyiwa upasuaji wa koo ameomba kisanduku chake kiseme kwa sauti ya dada yake. Wiki ijayo fundi atakwenda kusakinisha kifurushi hichohicho kwenye kompyuta ya mtaalamu, amfundishe na namna ya kukitumia. “Nikiugua mimi, nani atawabadilishia maneno?”

Lakini kuna neno moja ambalo hataki kulirekodi. Binti yao ni mjamzito, na Mnadi ameshaonyesha kwa ishara kwamba anataka kitufe cha jina la mjukuu. Kila asubuhi, kabla ya wateja, wawili hao hukaa mbele ya kioo cha kujitazamia wakifanya mazoezi ya mdomo. Juzi Mnadi alitoa sauti iliyofanana na “ba”. Mtaalamu hajaahidi chochote.

“Kitufe nimemwekea, ila kitupu, hakina sauti,” fundi anasema, akimtazama mumewe. “Natumaini kitabaki hivyohivyo. Jina la mtoto nataka alitamke mwenyewe.”