Mji wa Mkaa

Mafundi wanapaka chokaa kwa jirani yangu hapa Azaiba, Oman, na harufu yake imenirudisha kwenye chumba tulichopanga Maskati tulipokimbia Mapinduzi ya Unguja, tukaiacha nyumba na vyote vilivyomo. Skuli ya mtoto wa kike haikuwapo, basi baba alinisomesha mwenyewe, kwa mkaa, ukutani. Somo likisha, aliupaka ukuta chokaa ili mwenye nyumba asione.

Siku moja alichora kisiwa na vijumba vyake. Waholanzi waliujenga mji huu, alisema, wakauita Amsterdam Mpya. Zikaja manowari za Waingereza. Gavana alitaka kupigana, raia wakamsihi asalimu amri. Mji ukachukuliwa bila ya risasi, ukaitwa New York.

Bibi, mamake baba, alikuwa sakafuni akitoa tende kokwa.

"Na watu wake walikimbilia wapi?"

"Hawakukimbia, mama. Waliachiwa nyumba zao."

"Nyumba zao?"

"Na mali zao."

Bibi akasukuma sinia. "Basi mji na wauite hata Punda! Wamepoteza nini hao?"

Baba hakungoja nimalize kunakili. Alichovya burashi kwenye ndoo ya chokaa, akaanza na vile vijumba.