Meza Mbili na Mtoto Mmoja

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mtacheka mtakapofika kwenye habari ya mkamwana na baba mkwe wake. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho. Wala msifikiri nasimulia ya enzi za mabibi zangu. Ni ya juzijuzi, simu zilikuwa mifukoni, na mimi nilikuwepo.

Mwanangu anafanya kazi mjini. Alipopata likizo akasema safari hii hatakuja kukaa kijijini kwetu Busale kula wali wetu na kulala. Atatuchukua sote tukapumzike ziwani, kwenye hoteli mpya yenye kasino. Nikamuuliza kasino ndiyo nini. Akasema ni ukumbi wa michezo. Baba yake ni mzee wa kanisa. Akamtazama, akasema, "Sema kamari, mwanangu. Hapa hakuna mgeni."

"Si lazima mcheze, baba. Tunakwenda kupumzika na kula."

"Kula nakula hapahapa."

Lakini alikwenda. Alivaa koti na viatu vya Jumapili.

Tulikuwa watano: mzee, mimi, mwanangu, mkewe, na mjukuu wangu wa kike ambaye alikuwa hajatimiza miaka minne. Mtoto yule ni wa pekee. Mama yake alipomzaa aliumia sana, na daktari alimwambia asitegemee kupata mwingine. Kwa hiyo mkisikia naogopa katika habari hii, mjue naogopa nini.

Na hofu ilinishika tangu tulipofika. Sisi watu wa mpunga maji yetu yanaishia magotini. Ziwa lile lilianzia hatua chache kutoka mlangoni na lilikuwa limechafuka, mawimbi yanakuja makubwa na kurudi na mchanga. Watu wa mwambaoni wanaliangalia kama mtu anavyoangalia ng'ombe wake. Mimi sikuweza kuligeuzia mgongo. Na ndani ya kasino kulikuwa na mashine zinazoimba zenyewe, taa zinakimbizana, watu wazima wamekaa mbele yake wala hawasemezani. Mkisema niliogopa dhambi, ni kweli, lakini si hiyo peke yake. Mle ndani hapakuwa na dirisha hata moja. Saa saba mchana kulikuwa kama usiku, na mtu angeingia akatoka usimjue.

Sasa nieleze jambo la mkamwana. Kwetu mke wa mwanao haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hamtaji jina, hamsemeshi, wala hali naye chakula. Mzee akitaka kuzunguka kona ya nyumba hukohoa kwanza, na mkamwana akisikia hupita nyuma ya migomba. Wakikutana ghafla njiani, kila mmoja hugeuza uso na kusimama mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa sebule moja wanaangalia televisheni. Nyumbani kwangu hatujaacha. Mkamwana wangu alilelewa Talatala na watu wanaojua adabu, na tangu aolewe mzee alikuwa hajamsikia sauti. Wasidhani watu ni chuki. Ni heshima, na mzee anampenda yule binti kuliko anavyompenda mwanawe.

Nyumbani ni rahisi. Kuna jiko la wanawake, kuna baraza la mzee, chakula kinapelekwa. Hotelini je?

Kijana wa mapokezi alinipa shikamoo yake, kisha akasema, "Bibi, sehemu za kula ziko tatu. Mchangani tunachoma samaki. Juu ghorofani kuna baraza, vyakula vya kizungu. Na ndani, kando ya kasino, kuna chakula cha kujipakulia mwenyewe."

Mzee hakungoja. "Mimi mchangani. Nimesikia harufu ya mbasa."

Basi tukaanza kutafuta pa kuwaweka wengine. Nikapanda ghorofani kukagua. Pale barazani unaona mchanga wote, ungemwona mzee mpaka kipara. Mkamwana angekula amefumba macho. Nikashuka.

"Mama," mkamwana akaniambia, "mimi nitakula chumbani tu."

"Hukuletwa huku kula chumbani kama mgonjwa."

Mwanangu akasema, "Mama, kwa nini tusikae meza moja? Huku nani anatujua?"

"Mimi nawajua."

Ikabaki ya ndani, kando ya kamari, penye mapazia mazito ambapo hata jua halioni mtu. Nilimpelekea mzee habari. Akacheka mpaka akashika kiti. "Yaani mke wa mzee wa kanisa leo anakula kwenye kamari. Nenda, mama. Ila ukishinda, fungu la kumi usilisahau."

"Kula samaki wako, mzee."

Nikakaa na mkamwana kwenye kona. Mashine zilikuwa zinaimba upande wa pili wa ukuta na kila zilipopandisha sauti kijiko kilinitoka mkononi. Mwanangu yeye alikuwa hana meza. Anakaa kidogo na baba yake, anakuja kwetu, anarudi, kama mwanamume mwenye nyumba mbili. Mtoto alikuwa anamfuata, huku akila kipande cha ndizi, kule akinyofoa samaki wa babu yake. Akiondoka kwetu tunajua yuko kwa babu. Akiondoka kwa babu, wao wanajua yuko kwetu. Ndivyo mtoto anavyolelewa nyumbani pia, kati ya jiko na baraza, na hajawahi kupotea, kwa sababu nyumbani kati ya jiko na baraza kuna kuku tu.

Nilikuwa nimemaliza wali. Mwanangu akaja na sahani ya viazi, akakaa, akanywa maji.

"Mtoto umemwacha na babu yake?" nikamuuliza.

"Nimemleta hapa muda mrefu."

"Hapa wapi?"

"Nimemwachia pale mlangoni. Nimemwambia nenda kwa mama, nikarudi kwa mzee. Si alikuja?"

Mkamwana alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

Mwanangu akatoa simu ampigie baba yake, labda mtoto amerudi kule. Lakini huko mwambaoni simu zinashika mtandao wa Malawi zinapotaka zenyewe. Ikasema maneno ya kwao, ikakata. Akaiacha mezani akakimbilia kwenye mashine. Mlinzi akamwambia watoto hawaruhusiwi kuingia mle. Akasema, "Sijakuuliza sheria, nimekuuliza kama umemwona," akampita. Nilimsikia akiita jina la mtoto katikati ya zile nyimbo za mashine, na hakuna aliyegeuka.

Mimi nilimfuata mkamwana. Yeye hakwenda kwenye mashine. Alikwenda kwenye maji.

Kutoka kwenye ukumbi ule mpaka mchangani kuna kinjia kati ya ukuta na uzio wa maua yenye miiba, upana wa mtu mmoja. Mguu wangu wa kulia ni mbovu, kwa hiyo alinitangulia mbali. Nilipofika mwanzo wa kinjia niliona kitu ambacho mpaka leo kinanirudia nikiwa napepeta mchele.

Mzee alikuwa anapanda kutoka mchangani na sahani mkononi. Alikuwa ametuchagulia kipande cha mbasa. Hakujua lolote. Alipomwona mkamwana mbele yake alifanya kama alivyofanya miaka yote: aligeukia ukuta, akainamisha kichwa, akasimama angoje apite. Na mkamwana naye, miguu yake ikasimama yenyewe. Alivuta kitenge kichwani akageukia miiba. Kinjia kikazibwa. Nyuma ya mzee niliona ziwa likipanda na kushuka. Wamesimama hivyo, wana adabu wote wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Nilitaka kuita na sauti haikutoka. Nawaambia kweli. Nikafikiri, mtoto anakunywa maji sasa hivi, na hawa wanaheshimiana.

Mkamwana akageuka. Akasema, "Baba."

Mzee hakujua sauti ile ni ya nani. Alikuwa hajawahi kuisikia.

"Baba, mtoto hayupo. Hayuko kwako, hayuko kwetu."

Mzee akamtazama usoni. Sahani sikuona ilikoangukia. Aligeuka, na mtu ambaye asubuhi nilimshika mkono kushuka kwenye gari alikimbia mbele yetu mpaka kwenye maji, akaingia na koti lake na viatu vyake vya Jumapili. Wimbi lilimpiga kifuani. Akainama akawa anapapasa chini kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetafuta jembe lililozama kwenye jaruba la mpunga. Mkamwana akaingia nyuma yake. Wimbi la pili lilipokuja mzee akayumba, na yule binti akamshika mkono wa koti, akaendelea kupapasa kwa mkono mwingine. Hakuna aliyemwachia mwenzake. Mimi nilikuwa mchangani nimeketi. Nilikuwa naomba, lakini sijui niliomba nini. Nilikuwa nahesabu mawimbi nikitazama kama kuna nguo.

Kisha nyuma yangu mtu akasema, "Bibi, huyu si wenu?"

Alikuwa mama wa jikoni, amefunga kanga juu ya aproni, na mtoto yuko mgongoni mwake. Mkono mmoja wa mtoto ulikuwa na tonge la ugali. Mdomo umejaa usipa, dagaa wa ziwa lile.

"Alikuwa wapi?"

"Jikoni kwetu. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunakula. Aliingia mwenyewe mlango wa pembeni, akakaa chini, akanawa. Nikamuuliza, watu wako wako wapi? Akanyoosha mkono huku, akasema bibi. Akanyoosha huku, akasema babu. Nikaona basi wenyewe wako pande zote mbili, huyu hana shida. Nikamwekea."

Mtoto akaniambia, "Bibi, kule kuna dagaa."

Nikamwambia yule mama ndaga, asante ya kwetu, na neno lingine sikuwa nalo. Nikapiga kelele kuwaita wa majini. Mkamwana alimchukua mtoto, akamnusa kichwa kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika, akakaa naye mchangani akiwa amelowa. Hakulia. Alikuwa anatetemeka meno, na jua lilikuwa kali. Mwanangu alikuja anakimbia kutoka ndani, akatuona, akakaa chini hapohapo alipokuwa.

Mzee alitoka kwenye maji mwisho. Alimtazama mtoto. Kisha akakumbuka. Nilimwona anakumbuka. Akageuza uso kwenye ziwa, na mkamwana akavuta kitenge chake chenye maji kichwani. Mzee akaniambia mimi, akiwa ametupa kisogo, "Mwambie ambadilishe mtoto nguo." Akazunguka hoteli yote kwa nyuma, viatu vinatoa maji, ili asipite pale alipokaa binti.

Mama yangu angekuwa hai angedai kuku. Angesema wamesemeshana, wameshikana, lazima kitu kitolewe kufuta mwiko. Labda ni kweli, na tukirudi nyumbani kuku yupo. Lakini mchana wote ule nililala kitandani kwenye chumba kizuri cha hoteli na hofu haikutoka. Ilikuwa inaingia. Nikifumba macho naona kinjia kile na watu wawili wamegeukiana migongo. Nilimwogopa hata yule binti, kwa jinsi alivyokuwa karibu kutosema. Niliinuka mara nyingi kuangalia kama mtoto yupo kitandani kwa mama yake. Yupo. Nalala, nainuka tena.

Jua lilipoanza kushuka mwanangu akagonga mlango. Alikuwa na sura ya mtu aliyepigwa, lakini alikuja na lilelile. "Mama, chakula cha jioni. Baba anasema atakula mchangani. Mke wangu anasema chumbani. Mimi nitakuwa napita kwa wote. Wewe utakula wapi?"

Mzee alikuwa amesimama nyuma yake na koti linakauka begani. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo, nikajua mkamwana anasikia. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kufika kote.

"Jioni hii ni meza moja. Juu barazani. Mzee utakaa kichwa cha meza, uangalie ukuta. Mkamwana utakaa mwisho kabisa, uangalie ziwa, na kitenge chako kichwani. Mwanangu kaa katikati, usiinuke, sahani zitaletwa na wanaolipwa kuzileta. Mtoto atakaa mapajani pangu. Msiotaka kusemeshana msisemeshane, sijawalazimisha. Lakini kila mtu kabla hajatia tonge mdomoni aseme kwa sauti kwamba amemwona mtoto, na nyumbani itakuwa hivyohivyo. Nendeni mkanawe."